Kutoka Rejesta ya Zahanati hadi Ramani ya Malaria: Hisabati ya Kompyuta Kati ya Milima ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Malaria haikugawanyika sawasawa nchini mwetu. Tafiti za kitaifa zilizopima damu ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 zinaonyesha kuwa maambukizi yalishuka kutoka takriban asilimia 18 mwaka 2007/08 hadi asilimia 7 hivi mwaka 2017. Hata hivyo, wastani huo unachanganya maeneo ambako ugonjwa umekaribia kutoweka na maeneo ambako bado ni jambo la kila wiki. Kwa sababu hiyo, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria uliacha kuitazama nchi kama eneo moja, ukazigawa halmashauri 184 za Tanzania Bara katika matabaka manne ya hatari: ya chini sana, ya chini, ya wastani na ya juu. Tabaka ambamo halmashauri imewekwa huongoza uamuzi kuhusu hatua zitakazopelekwa huko.

Wahudumu wa afya wa Mbinga na Nyasa, pamoja na wagonjwa wanaowahudumia, wana haki ya kuuliza: makadirio ya namna hii hupatikanaje, ilhali hakuna aliyepima damu ya kila mtoto wa kila kijiji? Sehemu kubwa ya jibu ni hisabati inayofanywa na kompyuta kwa msaada wa hazina za programu ziitwazo maktaba za hisabati. Makala haya yanaeleza maktaba hizo ni nini, zinafanya kazi gani katika vita dhidi ya malaria, na ni kwa nini ubora wa kazi yao unategemea kalamu ya mhudumu wa zahanati kuliko ukubwa wa kompyuta.

Mteremko unaobadili ugonjwa

Kabla ya kuitazama kompyuta, tuitazame ardhi. Uso wa Ziwa Nyasa uko chini kidogo ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbinga na vijiji vingi vya Umatengo viko zaidi ya mita 1,000, na sehemu za juu za milima hiyo hukaribia mita 2,000. Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina kilomita zipatazo 66 tu, lakini anayeiteremka huondoka kwenye baridi ya mashamba ya kahawa akafika kwenye joto la mwambao siku hiyo hiyo.

Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Jambo hilo lina uzito mkubwa, kwa kuwa kimelea cha malaria hakimwingii mbu leo kikaambukiza kesho. Ni lazima kikomae kwanza ndani ya mwili wa mbu, na muda wa kukomaa hutegemea joto. Kanuni iliyozoeleka ni hii: chukua 111, ugawe kwa idadi ya nyuzi zilizo juu ya 16. Mahali penye nyuzi 25, kimelea cha falsiparamu huhitaji siku 12 hivi. Penye nyuzi 20, huhitaji siku 28 hivi. Karibu na nyuzi 16, hakikomai kabisa.

Sasa tuchukulie, kwa mfano, kwamba kila mbu ana nafasi 90 kati ya 100 ya kuiona kesho. Kati ya mbu 100 waliomeza vimelea mahali penye joto la nyuzi 25, wapatao 28 wataishi siku 12 na kuweza kuambukiza. Mahali penye nyuzi 20, ni 5 tu watakaofikisha siku 28. Mbu ni walewale na watu ni walewale, lakini hatari imepungua zaidi ya mara tano kwa sababu ya mwinuko peke yake. Ramani yoyote ya malaria isiyouona mteremko huu itawadanganya watu wa pande zote mbili.

Vijiji vichache vilivyopimwa, vingi visivyopimwa

Utafiti wa malaria hupima sampuli. Huchagua vijiji au shule, hupima damu, kisha huandika idadi ya waliokutwa na vimelea. Kazi inayobaki ni kukadiria hali ya vijiji visivyopimwa. Wazo la msingi ni jepesi: vijiji vilivyo karibu hufanana kuliko vilivyo mbali, na vijiji vyenye joto, mvua na mwinuko unaolingana hufanana kuliko vinavyotofautiana. Kwa hiyo, ili kukadiria hali ya kijiji kimoja kisichopimwa, tunavisikiliza vyote vilivyopimwa, huku tukikipa kila kimoja uzito unaolingana na ukaribu na ufanano wake.

Ugumu huanza tunapotafuta uzito huo. Ikiwa tumepima vijiji 1,000, tunahitaji jedwali linaloonyesha jinsi kila kijiji kinavyohusiana na kila kingine: mistari 1,000 kwa safu 1,000, yaani visanduku 1,000,000. Wanahisabati huliita jedwali la aina hiyo matriksi. Shuleni tulijifunza kutafuta namba mbili zisizojulikana kwa kutumia milinganyo miwili. Hapa kuna namba 1,000 zisizojulikana na milinganyo 1,000 inayopaswa kutatuliwa kwa pamoja.

Kwa njia ya kawaida, kazi hiyo huhitaji takriban hatua milioni 333 za kuzidisha na kujumlisha. Vijiji vikiwa 10,000, hatua hufikia bilioni 333, kwa sababu kila idadi ya vijiji inapoongezeka mara mbili, kazi huongezeka mara nane. Huu si mfano wa kufikirika. Mwaka 2017 watafiti wenye makao jijini Nairobi, pamoja na washirika wao, walichapisha mkusanyiko wa tafiti zaidi ya 50,000 za vimelea vya malaria zilizofanywa Afrika kusini mwa Sahara tangu mwaka 1900. Jedwali kamili la vituo 50,000 lingekuwa na visanduku bilioni 2.5 na lingejaza gigabaiti 20 za kumbukumbu ya kompyuta kabla hesabu yoyote haijaanza. Tena hesabu hiyo hurudiwa mara nyingi, kwa kuwa hatujui mapema ukaribu una uzito kiasi gani wala mvua ina uzito kiasi gani. Ni lazima tujaribu thamani nyingi na kuzilinganisha.

Maktaba ya hisabati ni nini?

Hapa ndipo maktaba inapoingia. Maktaba ya hisabati ni mkusanyiko wa programu ndogondogo, kila moja ikiwa imeandikwa na mabingwa ili kufanya kazi moja kwa usahihi na kwa haraka: kutatua milinganyo, kutafuta thamani bora, kuzalisha namba za nasibu. Mtafiti wa malaria haandiki programu hizo upya. Huziita ndani ya programu yake, kama vile daktari anavyoandika jina la dawa kwenye cheti na kumwachia mfamasia atoe iliyokwisha kuthibitishwa. Hakuna daktari anayechemsha magome ili kujitengenezea kwinini yake mwenyewe, na sababu si uvivu. Dawa ya kiwanda imepimwa mara nyingi na watu wengi, na kosa lake likitokea hugunduliwa na kutangazwa.

Mojawapo ya maktaba maarufu ni LAPACK, iliyotolewa mwaka 1992 na wataalamu wa Marekani na washirika wao, na ambayo hutumika bila malipo duniani kote. Miongoni mwa njia zilizomo ni ile ya André-Louis Cholesky, mwanajeshi wa Ufaransa aliyekuwa mpima ardhi. Cholesky alihitaji kusawazisha vipimo vingi vya ramani vilivyopingana kidogokidogo, akabuni njia ya kuligawa jedwali kubwa katika pembetatu mbili ambazo ni rahisi kutatua. Aliuawa vitani mwaka 1918, na njia yake ikachapishwa mwaka 1924, baada ya kifo chake. Hivyo, hesabu inayochora ramani za malaria leo ilizaliwa kwa ajili ya kuchora ramani za ardhi.

Kwa nini mtu asiandike hesabu hiyo mwenyewe? Kwa sababu kompyuta nayo hukosea kwa namna yake. Kwa kawaida huhifadhi kila namba kwa tarakimu zipatazo 16 tu. Namba mbili kubwa zinazokaribiana zikitolewa, tarakimu zinazofanana hufutana, na kinachobaki huweza kuwa kosa tupu. Ni sawa na kutaka kujua uzito wa mtoto mchanga kwa kupima lori mtoto akiwa ndani, kisha kulipima tena akiwa nje. Mizani ya malori si mbovu, imetumika vibaya. Waandishi wa maktaba hupanga hatua za hesabu ili mtego huo uepukwe kadiri inavyowezekana, na mtumiaji apewe onyo pale usipoepukika.

Somo kutoka kwenye ngoro

Hata kwa maktaba bora, bilioni za hatua zikirudiwa maelfu ya mara huchosha mashine. Ufumbuzi mmojawapo wa miaka ya karibuni unaweza kuelezwa kwa kilimo cha Wamatengo wenyewe.

Kila aliyepita Umatengo ameona ngoro: mashimo yaliyopangwa kwa safu kwenye miteremko, yakizungukwa na matuta yanayopandwa mahindi na maharage. Maji ya mvua hayaporomoki moja kwa moja hadi bondeni. Huingia shimoni, hutulia, na yakizidi huelekea shimo la jirani. Anayetaka kujua hali ya maji katika shimo moja hana haja ya kuuliza mashimo yote ya mlima. Anauliza yale yanayopakana nalo. Habari za shimo la mbali humfikia pia, lakini kwa kupitia jirani wa jirani.

Wanatakwimu waliokuwa Norway walifanya jambo linalofanana na hilo. Mwaka 2009 walichapisha njia ya haraka ya ukokotoaji inayojulikana kwa kifupi cha INLA, na mwaka 2011 wakaonyesha namna ya kuifunika ramani kwa wavu wa pembetatu ambamo kila kifundo huhusishwa na majirani zake wa karibu tu. Tuchukue wavu wenye vifundo 10,000. Jedwali kamili lina visanduku milioni 100. Lakini ikiwa kila kifundo kinahusiana na nafsi yake na majirani sita, visanduku visivyo sifuri ni 70,000 tu, yaani chini ya kimoja katika kila 1,000. Zipo maktaba maalumu kwa ajili ya majedwali ya aina hii yenye sifuri nyingi. Huruka sifuri zote na kugusa visanduku vyenye namba tu. Kazi ambayo ingehitaji mashine kubwa ya taasisi sasa huweza kufanywa kwenye kompyuta ya mezani ya mtafiti aliyeko Dar es Salaam, Ifakara au Nairobi.

Kuiga maisha ya watu na mbu

Ramani huonyesha hali ilivyo. Wapangaji wa huduma huuliza swali la pili: tukifanya hivi, itakuwaje? Je, kuongeza vyandarua katika halmashauri fulani kutaokoa maisha mengi kuliko kupulizia dawa ukutani? Hatuwezi kuijaribu kila njia kwa watu halisi, miaka 20 kila moja.

Kwa swali hilo hutumika modeli, na iliyotumika kusaidia mipango ya Tanzania inaitwa OpenMalaria, iliyoendelezwa na taasisi ya tiba ya kitropiki ya Uswisi. Baadhi ya takwimu zilizoisuka zilitoka katika bonde la Kilombero, kwenye vijiji kama Namawala na Idete. Modeli hiyo humwiga kila mtu mmojammoja: huzaliwa, huumwa na mbu, hujenga kinga kidogokidogo, hupata homa, hutibiwa au hakosi kuchelewa kutibiwa. Wakati husogea kwa hatua za siku tano.

Tufanye hesabu ya mfano. Watu 10,000 wakifuatiliwa miaka 20 kwa hatua za siku tano hutoa hatua milioni 14.6. Tukirudia kwa halmashauri 184, tunapata zaidi ya bilioni 2.6, nazo ni za mpango mmoja uliojaribiwa mara moja. Kwa kuwa bahati ina nafasi yake, kila jaribio hurudiwa mara kadhaa kwa namba tofauti za nasibu. Nyuma ya namba hizo kuna maktaba nyingine, Maktaba ya Kisayansi ya GNU, iliyoanzishwa mwaka 1996 na wanafizikia wa Los Alamos nchini Marekani, na yenye programu zaidi ya 1,000 zinazotolewa bure. Katika miaka ya mwanzo ya modeli hii, watu wa kawaida katika nchi nyingi walijitolea kompyuta zao za nyumbani zifanye hesabu hizo wakati wao wamelala.

Kile ambacho maktaba haikijui

Baada ya sifa hizo, ni lazima tuseme jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Maktaba ya hisabati hutatua kwa uaminifu mlinganyo iliopewa. Haijui kama namba zilizowekwa ndani yake ni za kweli. Kwa mazingira ya Mbinga na Nyasa, mambo manne yanahitaji uangalifu.

La kwanza ni wastani. Hadi mwaka 2012, milima na mwambao vilikuwa ndani ya wilaya moja ya Mbinga, kabla ya Nyasa kuwa wilaya yenye makao yake Mbamba Bay. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba eneo moja la utawala lina kijiji cha mwambao chenye maambukizi ya watoto 40 kati ya 100, na kijiji cha mlimani chenye 2 kati ya 100. Wastani ni 21, namba ambayo haikielezi kijiji chochote kati ya hivyo viwili. Mgawanyo wa wilaya hupunguza tatizo hili lakini hauliondoi, kwa maana hata ndani ya Nyasa ardhi hupanda kwa kasi kutoka ziwani. Ndiyo maana kazi ya sasa inaelekea kwenye ngazi ya kata.

La pili ni sifuri. Zahanati inayogundua wagonjwa 30 kila mwezi, ikiishiwa vipimo miezi mitatu na kuandika 0 kwa miezi hiyo, itaonekana kuwa na wastani wa wagonjwa 22.5 badala ya 30. Robo ya ugonjwa imefutwa bila mbu hata mmoja kufa. Kwa kompyuta, 0 maana yake ni "tulipima, hatukukuta." Pengo maana yake ni "hatujui." Modeli nzuri huweza kulishughulikia pengo, sifuri ya uongo huiamini.

La tatu ni mahali pa maambukizi. Mfanyabiashara wa Mbinga anayeteremka kununua dagaa wa Nyasa, akalala Liuli au Lituhi siku mbili, huweza kuanza kuumwa siku 7 hadi 14 au zaidi baadaye, akiwa nyumbani kwake mlimani. Rejesta ikiandika makazi yake pekee, ramani itaupandisha ugonjwa wa mwambao hadi kwenye baridi.

La nne ni mashaka. Hesabu hizi hazitoi namba moja tu. Hutoa pia upana wa mashaka. Makadirio ya asilimia 10 yenye upana wa kuanzia 8 hadi 12 si sawa na asilimia 10 yenye upana wa kuanzia 2 hadi 30. Mahali pasipo na vipimo vya karibu, upana huo hukua. Ramani iliyochapishwa kwa rangi nzuri bila kuonyesha mashaka yake inastahili kuulizwa maswali.

Maana yake katika chumba cha matibabu na nyumbani

Ramani hupanga huduma za watu wengi. Haimtambui mgonjwa mmoja. Mtoto mwenye homa aliyeletwa katika zahanati ya mlimani apimwe malaria kama mtoto wa mwambao, kwa kipimo cha haraka au kwa hadubini, kabla ya kupewa dawa. Tena watu waliokulia mahali penye malaria haba huwa na kinga ndogo, na wakiambukizwa huweza kufikia malaria kali upesi, wawe watoto au watu wazima. Kwa hiyo hatari ndogo ya kuambukizwa haimaanishi hatari ndogo ya kufa.

Kwa mhudumu wa afya, tunapendekeza yafuatayo. Andika idadi ya waliopimwa pamoja na idadi ya waliokutwa na malaria, kwa sababu namba ya pili bila ya kwanza haina tafsiri. Vipimo vikiisha, toa taarifa kwamba vimeisha, usijaze sifuri. Muulize kila mwenye malaria alilala wapi katika wiki tatu zilizopita na uandike jibu lake. Taarifa ya mwezi uliopita ikiwa na kosa, isahihishwe mapema, kwa kuwa ikishajumuishwa na za wengine ni vigumu kuitambua.

Kwa mgonjwa na familia yake: mwambie mhudumu safari zako, hasa ukitoka ziwani au Msumbiji. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema, apimwe, na apate dawa ya kinga na chandarua kulingana na mwongozo. Anayesafiri kuteremka mwambaoni aende na chandarua chake. Mtoto mwenye homa anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au kulegea na kupoteza fahamu, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri.

Programu tulizozieleza zimeandikwa na watu ambao wengi wao hawatafika Mbamba Bay, na zinapatikana bure kwa yeyote anayezihitaji. Mchango ambao hawawezi kuutoa ni ule wa mtu aliyeketi kwenye zahanati akiwa na rejesta mbele yake na mgonjwa pembeni yake. Mstari mmoja ulioandikwa kwa ukweli kijijini husaidia kuamua ni chandarua kipi kitafika kijiji kipi, na hakuna kompyuta iwezayo kuuandika kwa niaba yake.